Umekojoa Saa Ngapi?

Watu wengine hukusalimia kwa mwangaluka, wengine kwa habari za kwako. Mama wa Maabara, ukiwa mwanaume na umeingia kwenye mlango wake wa bluu, alikuuliza umekojoa saa ngapi. Na hakunong'ona. Aliuliza kwa sauti ile ile anayoimbia kwaya, sauti nzito ya pili, na wajawazito wote waliokaa kwenye benchi la kliniki walisikia, na mlinzi getini alisikia, na nadhani hata mbuzi wa mlinzi walisikia. Ukijibu "sasa hivi tu, mama," ulirudishwa ukakae kwenye benchi hilo hilo masaa mawili, huku kila mtu anajua unasubiri nini.

Jina lake sitalitaja. Kwetu hakuna aliyelitumia, na barua zilizokuja kwa jina hilo zilizunguka siku mbili kabla ya mtu kukumbuka ni nani. Alikuwa Mama wa Maabara, basi. Alikotoka na alikozaliwa sijui, sikuwahi kumuuliza. Ninachojua ni kwamba bila yeye mke wangu Kabula angerudishwa kwao Ipililo akiwa na mimba ya binti yetu, kwa kosa ambalo hakuna aliyelithibitisha, nami ningekaa kimya nikaendelea kula ugali. Hilo ndilo linalonifanya niandike, mimi niliyeishia kidato cha pili na ambaye barua yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kuomba leseni.

Kituo chetu cha afya kiko kando ya barabara ya kwenda Lagangabilili. Mbele yake kuna ua wa minyaa mrefu kuliko mtu. Maabara ni chumba cha mwisho, na dirisha lake la wavu linatazama minyaa hiyo. Humo ndani mlikuwa na meza ya saruji, sinki, taa ya spiriti, na hadubini aliyoivalisha gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, lenye mikono, sijui mikono ya nini. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa tangu zamani. Yeye hakuijali, alipima muda kwa nyimbo. Rangi ya zambarau ikimwagwa kwenye kioo inatakiwa ikae kidogo, basi aliiimbia ubeti mmoja na kiitikio. Iodini, ubeti wa pili. Spiriti hakuiimbia, hapo alibana pumzi tu na kusuuza haraka. Rangi nyekundu, ubeti wa tatu. Watu wa kwenye benchi walishajifunza. Ubeti mmoja, ni damu ya mtoto mwenye homa. Akifika ubeti wa tatu, kina mama walitazamana wakacheka chini chini, kwa sababu walijua ni kioo cha mwanaume fulani, na kila mmoja aliomba Mungu kimoyomoyo asiwe wake.

Wanaume wa kwetu hawapendi kupimwa na mwanamke. Mfugaji anaweza kumshika fahali pembe mbele ya mnada mzima, lakini kumkabidhi mama mtu mzima kikopo chenye mkojo wake ni jambo lingine kabisa. Wengi walikiweka kikopo mlangoni wakakimbia. Mama wa Maabara alikiinua juu, kwenye mwanga, akaita: "Nani kaacha mtoto wake hapa?" Mzee mmoja alikana kikopo chake mara tatu kabla hajakubali. Alipokubali alipewa kiti, akapewa na soda. Soda zilikuwa za kwake mwenyewe, alizipenda kupita kiasi, zile nyekundu zenye sukari nyingi, na alizihifadhi ndani ya ndoo ya maji chini ya meza yake ya kuandikia.

Kulikuwa na njia tatu za kumjua mwanaume aliyeambukizwa kwenye njia ya mkojo, na alizieleza kwa mtu yeyote, hata kwa mtu aliyekuja kuuliza choo kiko wapi. Ya kwanza ilikuwa kikaratasi cha kuchovya. Chembe nyeupe zikiwepo, kikaratasi kinageuka zambarau. "Hiki ni mbwa wa bomani," alisema. "Kinabweka. Hakikuambii kama ni fisi au ni shemeji yako kaja." Ya pili ilikuwa kioo na hadubini. "Hii ni tochi. Kisonono unakiona kwa macho, viwili viwili kama maharage yaliyotazamana, vimejibanza ndani ya usaha. Ila klamidia ni mdogo mno, tochi yangu haimfikii." Na ya tatu ni mashine ya mjini Bariadi, ambayo sampuli ilipelekwa na kungojewa. "Ile ni kama mzee anayesoma nyayo. Mnyama humwoni, yeye anakuambia aliyepita ni nani."

Nilimuuliza siku moja ipi ni bora. Aliniangalia kama nimeuliza kati ya jembe na sufuria kipi ni bora.

"Kila kipimo kinajibu ulichokiuliza tu," akasema. "Matatizo yanaanza mtu akipokea jibu la swali ambalo hakuuliza."

Alikuwa na daftari lake mwenyewe, mbali na rejista ya serikali, halina majina, namba tu. Alilipiga mistari kwa rula: kikaratasi kilisema nini, kioo kilisema nini, mashine ilisema nini, na mwisho nafasi ndogo ya maneno. Hakuna aliyemtuma. Mganga mfawidhi wetu, kijana mpole mwenye haraka, hakulipenda daftari hilo. Nilisikia wakibishana mlango ukiwa wazi, maana milango ya kituo chetu haifungi.

"Mama, mwongozo uko wazi. Mwanaume mwenye dalili anapewa dawa, anaondoka. Wewe unapima nini tena? Foleni imefika getini."

"Mwenye dalili mpe dawa, daktari wangu, nani kakukataza? Anayetokwa usaha mpaka suruali imeganda asinisubiri mimi, atateseka bure. Mimi nauliza yule asiye na dalili. Yule aliyeitwa kwa kadi ya mke wake. Huyo utamjua kwa kumtazama usoni?"

"Huyo naye tunampa tu."

"Halafu akifika nyumbani anasema nini? Anasema, daktari hakuniona na kitu, ila kanipa vidonge kwa ajili ya mke wangu. Unajua kinachofuata baada ya sentensi hiyo? Kinachofuata ni begi."

Mganga mfawidhi akacheka, akaenda zake. Hakujua, na mimi wakati huo sikujua, kwamba begi lenyewe litakuwa la nyumbani kwangu.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkali kwa wadogo kazini, na akikosea hakuomba msamaha kwa mdomo, alikuletea viazi. Aliwacheka wanaume wanaoogopa kipimo, akawaita vifaranga, na yeye mwenyewe hakukubali kuchomwa kidole hata siku moja. Alikuwa anakwenda chooni mara nyingi, anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na muuguzi mmoja akamwambia, "Mama, hebu tukupime sukari, dakika moja tu." Akajibu kwamba ana kazi. Mwaka mzima alikuwa na kazi. Aliwachoma vidole watu wa tarafa nzima, lakini akiona sindano inamwelekea yeye, mama huyu aliyembishia kila mtu alitoka nje kwenda kuangalia kama mvua inakuja.

Sasa habari yangu.

Kabula alikwenda kliniki ya wajawazito akaonekana ana dalili za maambukizi. Akapewa dawa, akapewa na kadi ya kumleta mwenza wake apimwe. Kadi hiyo aliiona baba mdogo kabla yangu. Baba mdogo ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, ndiye aliyeniposea, na nyumbani kwetu neno lake ndilo la mwisho. Alivaa koti lake la vikao, akaketi, akasema mbele ya Kabula kama vile Kabula ni kiti.

"Kijana apimwe. Akiwa nao, tutaongea. Akiwa safi, basi mwanamke ameuleta yeye, arudi kwao, na wazee wa Ipililo watueleze habari ya ng'ombe wetu."

 Kabula aliendelea kukunja nguo ndogo alizokuwa amemshonea mtoto, akizikunja na kuzikunjua.

Mimi nilikuwa na jambo langu ambalo hakuna aliyelijua. Kabla ya ndoa, nilipoanza bodaboda Bariadi mjini, nilikuwa na rafiki wa kike, si mmoja tu kusema kweli. Na miezi ile asubuhi nikienda haja ndogo nilisikia moto kidogo. Kidogo tu. Nilijiambia ni jua, ni kukaa kwenye pikipiki, ni kutokunywa maji. Nilijiambia mambo mengi, nina kipaji hicho.

Tukaenda, baba mdogo nyuma ya pikipiki na fimbo yake. Tulipofika mbele ya kituo nikasimamisha, tukashuka, tukakojoa kwenye minyaa, yeye upande huu na mimi upande ule. Hakuna kitu cha ajabu hapo. Kila mwanaume anayetoka mbali hukojoa kwenye minyaa ile kabla ya kuingia, ndiyo heshima yenyewe. Hutaki kufika ndani ukaanza kumuuliza mwanamke choo kiko wapi, wala kujipinda kwenye foleni kama mtoto. Unajimalizia nje, unafunga mkanda, unaingia ukiwa mtu.

Mama wa Maabara alinipa kikopo na kuniambia nilete mkojo wa mwanzo, si wa katikati. Nikajikamua, nikapata kidogo. Akachovya kikaratasi, akaimba beti mbili. Kikaratasi kikabaki cheupe kama kilivyotoka kwenye kopo lake.

"Ee!" Baba mdogo akapiga fimbo sakafuni. "Nilisema! Huyu ni mtoto wa kaka yangu, namjua. Andika, mama. Andika safi."

Nisidanganye. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Halafu nikaziona akilini zile nguo ndogo, nikatazama viatu vyangu.

Yeye alikuwa ameshika kalamu tayari. Akatupia jicho kikopo.

"Mbona kidogo hivi, baba?"

"Nimetoka kukojoa, mama."

"Wapi?"

"Hapo nje. Kwenye minyaa."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Si kila mtu anakojoa hapo?"

Akaweka kalamu chini. Akaenda dirishani. Wakati huo huo mwanaume mmoja alikuwa amesimama kwenye minyaa, ametupa mgongo, baiskeli yake imeegemea. Mama wa Maabara akamtazama yule mtu mpaka akamaliza, akafunga mkanda, akashika baiskeli na kuingia getini. Kisha akafungua lile daftari lake, akapitisha kidole kwenye mistari, ukurasa baada ya ukurasa. Siku za nyuma, baadaye alinieleza, alikuwa ameona kikaratasi na mashine haviafikiani kwa baadhi ya wanaume, akadhani vikaratasi vimeharibiwa na joto. Alihamisha makopo, akabadilisha pakiti, akagombana na aliyeleta. Hakuwaza ua.

"Miaka yote nawauliza mkojo upi," akasema, si kwa sisi. "Sijawahi kuwauliza saa ngapi."

"Mama, andika tuondoke," baba mdogo akasema.

"Siandiki. Hiki si kipimo. Hakuna jibu hapa."

"Karatasi imesema hana!"

"Karatasi imesema mkojo huu hauna. Wenye habari ameumwaga nje, nenda kaupime kwenye minyaa."

"Unabishana na kifaa cha serikali?"

"Nabishana nacho kila siku. Ndiyo kazi niliyoajiriwa."

"Mimi ni mtu mzima, mayu," akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Na mimi nina wajukuu. Umesema hapa hapa, mbele yangu, kwamba nikiandika neno hilo kuna mjamzito anafungasha. Basi neno hilo halitoki kwenye kalamu hii leo. Kachukue kalamu nyingine."

Mganga mfawidhi akaja kwa zile kelele. Akashauri kwa upole kwamba niandikiwe hivyo hivyo, nipewe na dawa, yaishe. Mama wa Maabara akasimama katikati ya mlango, na alikuwa mama wa kujaza mlango.

"Dawa atakunywa kesho nikishachukua mkojo wake. Akinywa leo nitapima nini? Na wewe, kijana, sikiliza. Kesho ukiamka usikojoe. Njiani usikojoe. Ukifika hapo kwenye minyaa, hapo ndipo pagumu, usikojoe."

Asubuhi yake begi la Kabula lilikuwa mlangoni. Hakulia, hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Ukirudi utanikuta, au nianze kutembea?"  Baba mdogo alisema atakuja na basi, kwa hiyo nilikwenda peke yangu.

Sitasahau barabara ile. Kila shimo nililifahamu, na siku hiyo kila shimo lilinifahamu mimi. Nilifika kwenye minyaa nikiwa natokwa jasho. Nikazima pikipiki. Hapakuwa na mtu. Hakuna baiskeli, hakuna mlinzi, kimya kabisa. Nikashika mkanda, nikaufungua. Nilijua hesabu yote. Nikikojoa pale, nitaingia ndani niseme sijakojoa, kikaratasi kitabaki cheupe, naye safari hii hatakuwa na la kubisha. Nitakuwa mwanaume safi kwa maandishi. Hakuna mtu duniani atakayejua.

Nilisimama pale. Sijui kwa muda gani. Nikalikumbuka begi. Lilikuwa dogo, hilo ndilo lililoniuma, yaani maisha ya mtu nyumbani kwangu yalikuwa yameenea kwenye begi dogo namna ile. Nikafunga mkanda. Nikaingia getini nikitembea kama bata.

"Umekojoa saa ngapi?" akauliza. Nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza kuingia na kuulizwa hivyo.

"Jana usiku, mama. Tafadhali, kikopo."

Kikaratasi kiligeuka zambarau kabla hajafika kwenye kiitikio. Akaandaa kioo, akaimba beti tatu, akaivua hadubini gauni lake, akainama. Alikaa muda mrefu. "Usaha upo. Maharage siyaoni," akasema. Mkojo uliobaki akauweka kwenye kichupa cha kwenda mjini. Nikapewa dawa siku hiyo hiyo. Baba mdogo alipofika akiuliza kama nimekuwa safi, alijibiwa kwa maneno mawili: "Si safi." Akauliza ni ugonjwa gani. "Tochi yangu imefika mwisho. Mashine itasema."

Siku za kungoja mashine, begi halikuondoka mlangoni, wala halikufunguliwa. Tuliliruka.

Jibu lilirudi: kisonono hakuna, klamidia ipo. Baba mdogo alivaa tena koti la vikao, tukaenda.

"Vizuri," akasema. "Sasa tuambie nani alimletea mwenzake."

"Hilo halipo kwenye karatasi."

"Basi lipime!"

"Hakipo kipimo cha hilo, mzee wangu. Wala hapa, wala mjini, wala Ulaya. Huyu mdudu anaweza kukaa ndani ya mtu muda mrefu, kimya, mwanaume kwa mwanamke, mwenyewe hajui. Nimekuambia mashine inasoma nyayo. Inasema aliyepita ni nani. Haisemi alitokea boma gani."

"Kwa hiyo mnatusaidia nini ninyi?"

"Tumemtibu mwanao. Tumemtibu mke wake. Mtoto atazaliwa na macho mazima. Kama ulitaka shahidi wa kesi, umekosea mlango, hapa ni maabara."

Baba mdogo alinigeukia mimi. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, na kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi niliyoizoea.

"Baba mdogo," nikasema, "huenda ni mimi. Kabla ya ndoa. Mjini."

Alinitazama, akakiangalia kikopo kilichokuwa mezani, ambacho hata hakikuwa changu, akatoka. Alikataa kupanda pikipiki yangu. Alitembea. Kabula nilimwambia mwenyewe jioni, yote, kwa majina. Akaenda mlangoni akafungua begi, akatoa zile nguo ndogo akazirudisha kwenye sanduku. Hakuzungumza nami siku tatu. Siku ya nne akaniuliza chumvi iko wapi. Sijawahi kusikia swali tamu kama hilo.

Mama wa Maabara hakuishia hapo. Wote aliowaandikia safi na wakaondoka, jambo hilo lilimkaa moyoni. "Nimewadanganya watu kwa mwandiko wangu," alisema, akaanza kuwaita. Mganga mfawidhi alimwomba asitangaze, kituo kitaonekana vibaya. Jumamosi akaenda mnadani. Alisimama katikati ya ng'ombe, na kitenge chake, na kipaza sauti alichoazima kwa muuza dawa za panya, akawatangazia wanaume wa wilaya nzima kwamba anayekuja kupimwa asikojoe kwenye minyaa yake. Walicheka mpaka mnada ukasimama. Mmoja akapiga kelele, "Na ng'ombe je, mama?" Akajibu, "Ng'ombe ana akili, akiumwa hafichi." Wiki iliyofuata benchi lilijaa. Wanaume walikaa magoti pamoja, wakaona haya, lakini wakakaa.

Tangu hapo nilikuwa nampelekea sanduku la sampuli mjini kila Jumanne, miaka kadhaa, hadi alipostaafu na kwenda kwake Shishiyu. Tukapotezana.

Nilimwona tena juzi juzi. Nilikuwa nimempeleka abiria Maswa, nikaamua kupita Shishiyu. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha kamba, anapepeta choroko. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, na pale mbele palikuwa pafupi.

"Sukari," akasema kabla sijauliza. "Vidole viwili wamevichukua. Usinionee huruma, nilichezea mwenyewe. Kifaranga mkubwa nilikuwa mimi." Akacheka, lakini alitazama pembeni. "Sasa najichoma mwenyewe kila asubuhi. Naandika. Wakiniletea jibu nisilolielewa nabishana nao, vidole vimekwenda, mdomo wameniachia."

Akanituma ndani nimletee miwani, na pamoja na miwani nikaliona lile daftari, limevalishwa gazeti kama la mwanafunzi. Akaniambia nilete. Alinitafutia mistari yangu, aliijua bila kupekua sana. Mstari wa kwanza: kikaratasi hapana, na kwenye nafasi ya maneno, *Hakuna jibu. Minyaa.* Mstari wa pili, wa kesho yake: kikaratasi ndiyo; kioo usaha, maharage hapana; mashine klamidia. Na kwenye nafasi ya maneno, kwa mwandiko mdogo kuliko mwingine wote: *Alisimama. Hakukojoa.*

Nilisoma mara mbili.

"Uliniona?"

"Nilikuwa dirishani tangu alfajiri. Ulifikiri ningekuachia peke yako jambo kama lile?" Akaendelea kupepeta. "Niliona mpaka mkanda."

"Na ningekojoa, mama?"

"Ningekurudisha. Uje kesho yake. Na keshokutwa yake. Mke wako angejifungua, mtoto angetambaa, wewe bado unakuja na kikopo. Tungeona nani anachoka."

Tukakaa. Akaniuliza habari za Kabula, za binti yetu, anasoma darasa la ngapi, anajua kubisha? Nikamwambia anabisha kuanzia asubuhi. Akafurahi sana. Akaninywesha maji, kikombe cha kwanza, cha pili, akanizuia kuondoka kila nilipotaka kuaga, na mimi nilikuwa nimetoka Maswa bila kusimama popote. Nikaanza kukaa upande, nikahamia upande wa pili, nikabana magoti. Alikuwa ananitazama kwa juu ya miwani.

"Umekojoa saa ngapi?" akauliza, kwa ile ile sauti ya kwaya, na jirani aliyekuwa anaanika mpunga akageuka.

"Asubuhi, mama."

Akafikiri kidogo, kama mtu anayetazama rangi ikigeuka.

"Choo kiko nyuma ya zizi, baba," akasema. "Leo nenda tu."